Lucius Tarver, Aliyepiga Gitaa Akitupa Kisogo

Marehemu Lucius Tarver alizaliwa tarehe 9 Machi 1908 karibu na Cutler's Bend, kaunti ya Yazoo, Mississippi, mtoto wa tano wa Bwana Ephraim na Bi. Narcissa Tarver. Familia imemwomba shemeji yake, Birdie Lee, anayesoma wasifu huu, aseme mema tu. Atajitahidi.

Alisoma hadi darasa la nne katika shule ya kanisa letu hili. Kusoma aliweza. Kuomba radhi hakuwahi kufundishwa, au siku hiyo hakwenda.

Kazi yake ilikuwa kuchuma pamba, kwa mdomo zaidi kuliko kwa mikono. Jina alilipata kwa gitaa. Alizikaza nyuzi kwa namna yake mwenyewe, hata akizipitishia mkono bila kubana hata mmoja, tayari ulitoka mlio mzima wa huzuni. Hakuna aliyejua alizikazaje. Vilabuni alipiga akitupa kisogo, na kabla ya kuweka gitaa chini alilegeza nyuzi zote sita, asije mtu akamwibia mlio ule. Miaka arobaini tumecheza tukitazama kisogo cha Lucius, na kisogo chenyewe hakikuwa kizuri. Birdie Lee naye alicheza, hakatai.

Tarehe 2 Juni 1934 alimwoa Verlene Oakes, dada yake Birdie Lee, mwanamke aliyestahili mume mwingine. Walijaliwa mtoto mmoja, Ozella. Alipofika miaka tisa aliomba afundishwe.

"Baba, nionyeshe mara moja tu."

"Hebu nenda kageuze samaki huko jikoni. Siri hii naenda nayo kaburini."

Ozella akaenda kugeuza kambare, na hakuomba tena. Mtu kumnyima mwanawe kitu kisichopungua kwa kugawiwa! Birdie Lee hajawahi kuona ubahili wa kijinga namna ile.

Oktoba 1971 alipooza upande wa kushoto. Miaka miwili gitaa lilikaa ukutani, nyuzi zikining'inia alivyoziacha. Februari mwaka huu aliomba apewe. Alizungusha funguo za kukazia nyuzi asubuhi nzima kwa mkono mmoja, na sikio lilikuwa limeshasahau. Akalia. Birdie Lee alikuwepo, na hakumhurumia hata kidogo. Ozella akatoka jikoni akijifuta unga wa mahindi, akalichukua, akakaza uzi mmoja mmoja, akapitisha kidole gumba. Mlio ulikuwa ule ule.

"Nani kakufundisha?"

"Wewe, Baba. Ukuta wa jikoni si mbao tu? Kila ulipokaza nilisikia."

Ahsante ilimfika Lucius mdomoni, tuliiona kabisa, akaimeza.

"Basi legeza," akasema. "Upesi, kabla mtu hajaja."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka. Alifariki nyumbani tarehe 17 Februari 1974, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Ozella.

Ameacha mjane, Verlene, binti, Ozella, wajukuu watatu, na gitaa, ambalo mnaliona hapo kando ya jeneza. Ozella hakulilegeza. Baada ya sala atalipiga akiwa ametuelekea uso, na benchi la mbele liko wazi kwa yeyote anayetaka kutazama vidole.

Lala kwa amani, Lucius. Hakuna tena cha kuibiwa.