Mtu wa Kumi na Mbili

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la vipuri vya baiskeli, na mguu wake mmoja umewekewa tofali. Mimi ndiye muuza kahawa wa hapo, mtoto mgongoni. Asubuhi ile walikuwepo watatu: Jaji, dalali wa vyumba, asiyewahi kuhukumu chochote isipokuwa majirani; Sponji, kinyozi, anayenyonya kila neno lipitalo; na Mzee Saa, fundi saa, anayechelewa kila siku. Nikafanya kosa la kuwaambia kwamba wifi yangu anasomea uhalifu chuo kikuu na anataka kuwa mhadhiri.

JAJI: Amesoma miaka mingapi?

MIMI: Huu wa tisa. Yuko shahada ya tatu.

SPONJI: Tisa, dada? Mwizi wa simu anafuzu kwa wiki.

MZEE SAA: Ndiyo maana hana cheti.

JAJI: Niwaeleze. Mwaka wa kwanza wanasoma wizi wa mfukoni. Wa pili, kuvunja nyumba, tena kwa vitendo. Ukikamatwa umefeli.

MZEE SAA: Muongo wewe. Profesa haibi. Anaandika kitabu kuhusu wezi, mwenzake anakiiba, naye anaandika kingine kuhusu huyo mwenzake. Hivyo ndivyo wanavyopanda vyeo.

SPONJI: Mimi nasikia kila mwaka wanakaa kikao, wanapanga idadi ya wezi. Wezi wakiisha, chuo kinafungwa.

JAJI: Na kila profesa ana wezi wake kumi. Wakiumwa, anawapeleka hospitali mwenyewe.

MZEE SAA: Haya, atajuaje ya ndani profesa aliyelala kwenye godoro maisha yake yote? Hajui hata kwamba jioni mnahesabiwa mmechuchumaa wawili wawili.

SPONJI: Watano watano.

MZEE SAA: Inategemea gereza.

Sponji akasema yeye aliona kwenye filamu. Mzee Saa akasema hata yeye.

Hapo wifi akatokea, faili kifuani, viatu vimejaa vumbi.

WIFI: Shikamooni.

WOTE: Marahaba.

WIFI: Wifi, nimekwama. Msimamizi wangu anataka mahojiano ya watu kumi na wawili waliowahi kufungwa. Ninao kumi na mmoja. Huyu wa mwisho amehama bila kuaga. Nisipokamilisha kesho asubuhi, nafasi ya kufundisha anapewa mwenzangu.

Akawageukia wa benchini, sauti imeshuka.

WIFI: Samahanini wazee wangu. Siandiki jina, naandika namba tu. Kuna yeyote hapa amewahi kufungwa?

Jaji alichungulia ndani ya kikombe kana kwamba jibu limezama humo.

SPONJI: Umekosea kijiwe, dada. Hapa wamekaa watu safi.

JAJI: Mimi hata kituo cha polisi nakipita upande wa pili wa barabara.

Wifi akashukuru, akasema atakuwa nyuma ya duka anapanga karatasi zake. Hajamaliza hata kukunja kona, Jaji akakumbuka mteja wa chumba. Sponji akakumbuka ameacha mashine ya kunyolea kwenye chaji. Mzee Saa alitazama saa yake, akasema amechelewa, akaondoka bila kusema amechelewa wapi.

Nikabaki na vikombe vitatu havijanywewa hata nusu. Nikammiminia wifi kahawa, nikampelekea.

Nyuma ya duka niliwakuta wote watatu wamesimama ukutani, kila mmoja akitazama upande wake.

WIFI: Nahitaji mmoja tu.

JAJI: Basi achukuliwe mwenye miaka mingi. Mimi miwili.

SPONJI: Miezi minane.

Alisema kwa aibu, kama mtu aliyefeli darasa.

MZEE SAA: Miaka saba.

Wakampisha. Jaji alipangusa kreti kwa kofia yake, mzee akakaa. Kahawa ya wifi nikampa yeye.

MZEE SAA: Nianzie nilipoingia au nilipotoka?

WIFI: Popote unapotaka, baba.

Alikizungusha kikombe mkononi mpaka nikadhani amebadili mawazo.

MZEE SAA: Nilipoingia nilikuwa na mke.