Neno Linalovuka Kichwani mwa Adolfu

Risala ya Wachimba Fuko wa Izia, Sumbawanga, Februari 1954

Mgeni rasmi, Bwana Daktari uliyetujia kwa mara ya pili, sisi wachimba fuko tunakuamkia kwa heshima, pamoja na tope lililoganda viatuni mwako. Risala hii ameiandika Bertilla. Anaisoma Adolfu, kwa kuwa Bertilla kaamka na mafua. Adolfu hajaiona. Aendelee tu.

TULIKOTOKA

Mwaka jana ulitaka fuko hai, wenye masikio yasiyo na dosari. Tulicheka, maana sikio la fuko hata mwenyewe halioni. Tukachimba, tukakuletea thelathini na mmoja. Nawe ukatufundisha kuwa nyuzi zinazobeba sauti ya sikio la kushoto huvuka kule kwenye shina la ubongo, hukutana na za kulia, na hapo ndipo fuko hujua jembe linatokea wapi.

MAFANIKIO

Sasa tunanyata pande mbili kwa pamoja, na fuko hajui akimbilie wapi. Hata Padri ameonja mchuzi wa fuko.

TATIZO

Tatizo ni msomaji.

Soma, Adolfu. Siku ya somo aliposikia "huvuka" alitoka kwenda kunywa togwa, "hukutana" ikampita. Tangu hapo mkewe Albina akimwambia, "Baba Zenon, ezeka kihenge, ulezi utalowa, mvua hiyo inakuja," yeye hujibu, "Umesemea sikio la kushoto, mama. Neno bado linavuka." Likavuka Oktoba nzima, likavuka Novemba. Ulezi ukaota humo humo kihengeni, ukapendeza kama bustani ya misheni. Albina akafunga mzigo, akamshika Zenon mkono, akarudi kwao Mollo.

Mgeni rasmi, mwenzetu anateseka. Anakula ugali mbichi, tena wima. Jumapili tulimkuta amelaza sikio chini, kwenye njia ya Mollo. Tukamwuliza kama kuna fuko. Akasema hakuna. Tulimwonea huruma sana, ila hatukumwambia.

MAOMBI

Hatuombi majembe, ingawa ukiwa nayo hatutayakataa. Tunaomba utamke mbele ya umati huu: neno huchukua muda gani kuvuka kichwa cha fuko? Ukisema ni chini ya kupepesa jicho, kichwa cha Adolfu tutakikadiria wenyewe. Kihenge tumekwisha kukiezeka. Juzi Bertilla alikwenda Mollo kusema na wakwe wa Adolfu, akanyeshewa kutwa, ndiyo hayo mafua.

Mungu akufikishe salama, na darubini yako isiingie ukungu.

Ni sisi, Wachimba Fuko wa Izia.

Adolfu, weka karatasi chini. Albina na Zenon wako nyuma yako, na mzigo ungali kichwani. Mpokee.