Mama Minyoo, Adui wa Viwavi wa Kabichi

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Minyoo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa mkulima wa kabichi. Baba alipiga dawa kwa mikono mitupu hadi kucha zikamtoka, na viwavi wakaendelea kula. Dada aliwachukia kuanzia hapo, na chuki yake haikuwa ya mchezo.

Alisoma shule ya msingi jirani na shamba, kisha sekondari ya bweni, akahitimu stashahada ya kilimo mwaka 1983. Likizo moja alimpasulia kiwavi mezani mdogo wake, huyu anayesoma wasifu, amwonyeshe minyoo iliyomo. Mdogo mtu alitapika. Dada alicheka mpaka akakaa chini.

Mwaka 1984 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa mboga. Wenzake waliagiza kutoka nje minyoo ya kuua wadudu, ikafa kwa joto. Yeye alikwenda shambani kwa baba, akafukia viwavi hai ndani ya vikebe vyenye matundu, wawe chambo. Alipowafukua walikuwa wamelegea na kubadilika rangi, wamejaa minyoo ya hapahapa, midogo hata macho huiona kwa shida. Huingia mwilini mwa mdudu ikammaliza kutoka ndani, lakini haimdhuru mtu wala kabichi.

"Wanakufa taratibu," alipenda kusema. "Safi sana."

Tarehe 8 Agosti 1987 aliolewa na fundi cherehani, mtu mpole ajabu. Siku ya posa alimwambia, "Nusu ya friji ni ya minyoo yangu. Kama huwezi, tafuta mwingine." Shemeji aliweza, na maziwa yake akayaweka nusu iliyobaki.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Januari mwaka huu alilazwa, akamwachia mumewe sponji zenye minyoo ya wakulima wa bondeni, waliokwisha kupanda miche wakiisubiri. Umeme ulikuwa ukikatika kila mara. Shemeji akahofia minyoo itaoza, akaihamishia kwenye friza. Minyoo ile hutaka ubaridi, si barafu. Dada aliporudishwa nyumbani aliitazama kwa hadubini. Yote ilikuwa imenyooka, imekufa.

"Nilitaka kukutunzia, mke wangu," shemeji alisema.

"Umeiua. Na mimi muda wa kuanza upya sina."

Hakumsemesha tena. Shemeji alimlisha kwa kijiko, akambeba kwenda bafuni, akamwomba radhi mchana kutwa. Dada alifungua mdomo kwa ajili ya kijiko tu. Tulimwambia waziwazi kwamba huo ni ukatili. Akajibu, "Bondeni miche yote imeliwa. Nani amekwenda kuwaomba radhi wao?" Alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024.

Ameacha watoto wawili, mjukuu mmoja na wadogo watatu. Aliagiza mume asitajwe. Familia imekaa ikaona atajwe, maana mwenye kugomba hayupo tena. Ameacha mume. Tangu Jumanne shemeji anamshika kila mtu mkono, akiuliza kama mwishoni dada alisema lolote juu yake. Baadhi yenu mmemdanganya kwa huruma. Shemeji, usiulize tena. Hakusema kitu.

Dada apumzike kwa amani, nawe ukubali kwamba amekwenda bila kukusamehe.