Msafara wa Kwenda kwa Viboko wa Baharini

Wewe sema ni uongo, na kahawa ya leo nalipa mimi. Vijana wanne wa Ribeira da Barca, kijiji chetu cha wavuvi kisiwani hapa, mmoja wao miguu haimtii, wanakwenda ng'ambo kupiga mbizi na kulala porini na viboko wanaooga baharini, na gharama yake yote haifiki harusi ya maskini. Umecheka? Cheka tu. Hata mwalimu alicheka siku nilipomwambia Guinea iko pale, nikamwonyesha dirishani. Niliacha shule darasa la sita, na Guinea haijahama. Njoo jioni kwenye benchi letu, mbele ya jiko la kahawa la Nha Tanha, pale magari ya Assomada yanapogeuzia, uulize nani mkuu wa msafara. Watakwambia Redio. Ndiye mimi. Jina la ubatizo ni Adérito, ila hilo analikumbuka padri peke yake. Wenzangu ni Askofu, aliyefukuzwa kwaya kwa kuingiza nyimbo za baa kwenye misa, na Kapteni, anayetapika mashua ikiwa bado imefungwa kamba. Wa nne ni Elvino, mtoto wa Nha Tanha. Yeye ndiye safari yenyewe.

Elvino alikuwa mpiga mbizi wa kome. Si hawa wa watalii wenye mitungi mgongoni. Wa kwetu, wa mpira wa hewa mdomoni na kompresa inanguruma kwenye mashua. Ukikuta kome wengi chini unasahau kupanda, na ukikumbuka unapanda mbio, na anayepanda mbio hewa humgeukia mapovu kwenye damu. Siku moja alipanda mbio. Akakaa mashuani akasema miguu imelala. Wenzake wakafanya kama tunavyofanya sote pwani hii: wakamsugua grogu, pombe yetu ya miwa, wakamshusha tena chini na mpira wake ili miguu iamke. Haikuamka. Mwaka wa pili huu anakaa kwenye kiti cha magurudumu mwisho wa benchi, mabega mapana kuliko mlango wa kwao, na anataka kitu kimoja tu duniani: kuzama tena. Majini, anasema, hakuna mtu anayesimama kwa miguu.

Sasa utaniuliza, kwa nini ng'ambo, na bahari iko hapo chini ya ukuta? Ni nadhiri. Alipotoka hospitali akiwa hai, mama yake alipiga magoti kanisani akamwahidi Bikira Maria kwamba mwanawe hataingia tena baharini. Na kwetu nadhiri ya mama haichezewi. Hakuna nahodha hapa atakayempakia Elvino, hata kwa kumvusha tu. Ndipo Askofu alipokuja na hoja yake.

— Huyu Bikira wetu, alisema akipuliza kahawa, anasimamia kutoka hapa mpaka Rincão. Ukivuka hapo ni parokia ya watu wengine.

— Bikira ni mmoja, mjinga wewe, Kapteni akamjibu.

— Ni mmoja, lakini ana ofisi nyingi. Guinea wana ya kwao. Nadhiri ya huku kule hawana habari nayo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo methali imeingiaje hapo?

— Imeingia yenyewe. Ilikuwa ikuombe ruhusa?

Nha Tanha alikuwa anapepea makaa, ametugeuzia mgongo.

— Nawasikia, alisema.

— Tunajua, Nha Tanha, nikamwambia. Ndiyo maana tunapanga kwa heshima.

— Heshima ungeianza kwa kulipa kahawa ya juzi.

Elvino akacheka. Akicheka benchi zima linatikisika, maana mkono wake huwa ameuegemeza hapo.

Basi tukaanza na usafiri. Ndege tuliifuta mapema, ndege ni ya watu wenye masanduku. Kapteni akasema kuna meli ya mizigo inayopeleka saruji Bissau, na mpishi wake ni shemeji wa binamu yake.

— Tunamenya viazi mpaka tunafika, alisema. Wanne, visu vinne. Hatulipi kitu.

— Wewe utamenya viazi baharini? nikamuuliza. Wewe ukiona picha ya mashua unaomba ndoo!

— Nitamenya nimelala.

— Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, Askofu akatia lake.

— Angalau hiyo imekaribia maji, Elvino akasema.

Askofu hakukubali saruji. Mpango wake ulikuwa tusafiri kama mahujaji. Mahujaji, alisema, hupunguziwa nauli kila mahali, hupewa na supu. Tushone majoho manne, tubebe msalaba, na Elvino mbele kwenye kiti chake.

— Mtu akiona kiti cha magurudumu na joho, nani atamdai tiketi? Tena tukifika tunaimba kidogo.

— Ulifukuzwa kwaya, nikamkumbusha.

— Kwaya ya hapa. Si nimewaambia ofisi ni nyingi?

Hema likatusumbua zaidi. Kule visiwani Bijagó, huko huko Guinea, hakuna hoteli ya mtu wa mfuko wetu, ni mikoko, michikichi na mbu. Kapteni akasema tushone magunia ya vitunguu. Nikamwambia gunia la vitunguu lina matundu, mbu atapita na mkoba wake. Akasema matundu ni ya kupitisha upepo. Nikamwambia basi kalale na mbu wako upande wenye upepo. Elvino akataka hema la watu wanne, si mawili ya wawili wawili, kwa sababu usiku anageuzwa na ambaye hajashikwa na usingizi, na hatujui atakuwa nani.

Hapo kila mtu akashika kikombe chake.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Askofu akasema ghafla, ili tu kimya kisikae.

Kapteni akamkanyaga. Askofu akaona alichokisema, midomo ikabaki wazi.

— Langu halijavunjika, Elvino akasema. Limelala tu. Mpe kahawa Askofu, mama, methali zimemkausha koo.

Nha Tanha akampa. Hakumtazama Askofu wala mwanawe.

Kapteni, ili kumwokoa mwenzake, akageuza maneno yakaenda kwenye maji yenyewe.

— Lakini jamani tuseme ukweli. Kule mito inamwaga tope. Bahari yake ni kama kahawa yenye maziwa. Utazama na hutaona hata pua yako.

— Sitaki kuona, Elvino akasema.

— Unataka nini sasa?

— Nataka kuwa chini. Pale masikio yanapobana, halafu yanaachia, halafu hakuna mtu anayekuita. Mwili wote unakuwa sawa na mwili wote. Tope si neno.

Mimi nilimeza kahawa ikiwa ya moto bado. Na kwa kuwa mkuu wa msafara hanyamazi, nikasimama juu ya benchi.

— Sikilizeni mpango mkuu! Kiboko wa kule anaingia baharini, sivyo? Na kiboko haogelei. Anatembea chini, juu ya mchanga, taratibu kama diwani siku ya uchaguzi. Sasa sisi mapezi ya nini? Tunakodi kiboko!

— Unamkodi kwa nani? Kapteni akauliza.

— Kwa mwenye kiboko! Tunamfunga tandiko, Elvino anakaa juu, mtungi mgongoni, kiboko anashuka naye polepole na kupanda naye polepole. Hakuna kupanda mbio. Kiboko hana haraka ya maisha.

— Mtungi nitauvaa mimi au kiboko? Elvino akauliza.

— Wewe. Yeye ana mapafu ya kwao.

— Na akijilaza?

— Unamsubiri. Umekwenda likizo, una haraka gani?

— Na akinila?

— Tutamdai arudishe nusu ya nauli!

Hata Nha Tanha mabega yalitikisika. Niliyaona. Askofu alikuwa analia kwa kicheko, Kapteni ameshika tumbo, na Elvino anapiga ubao wa benchi kwa kofi, anasema huyu mtu afungwe, huyu mtu afungwe.

Ndipo tukamwona dada mmoja amekaa juu ya mkoba wake kando ya barabara, anasubiri gari lijae. Alikuwa mgeni, amechomwa na jua, na saa kubwa nyeusi mkononi ya wapiga mbizi. Elvino aliiona saa kabla ya uso wake.

— Dada, unazama?

— Nafundisha, alisema. Kisiwani Sal, watalii. Naitwa Ineida. Nimekuja kumwona shangazi yangu.

Tukampisha kwenye benchi kama malkia. Kapteni akafuta ubao kwa kofia. Tukamweleza kila kitu, wanne kwa pamoja: saruji, majoho, magunia, kiboko. Alicheka alipotakiwa kucheka. Akauliza Elvino alikuwa anazama kina gani, na mpira wa urefu gani, Elvino akamjibu, na wakaongea maneno yao mawili matatu ambayo sisi hatukuyajua, ya watu waliokwenda mahali pamoja. Sikuwahi kumwona Elvino amekaa wima namna ile. Halafu Ineida akaiangalia miguu, akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia:

— Na daktari amesemaje kuhusu kuzama tena?



Askofu alitafuta methali usoni kwa Kapteni, hakuikuta. Kapteni akatazama gari. Birika la Nha Tanha lilikuwa hewani juu ya kikombe changu, likabaki pale pale, halimwagi wala halirudi. Nami, Redio, ninayetangaza mpaka mazishi ya watu nisiowajua, nilikuwa nasoma mashapo ya kahawa chini ya kikombe.

— Tulikuwa tumefika kwa kiboko, Elvino akasema.

Ineida alimtazama. Akamtazama muda wa kutosha.

— Nendeni mwezi wa nne, alisema mwishoni. Upepo unakuwa umepungua.

— Mwezi wa nne! Kapteni akaruka. Mmesikia? Huyo ni mtaalamu!

Dereva akapiga honi. Ineida akampa Elvino mkono, naye akaushika kidogo zaidi ya salamu, akiigeuza ile saa aione vizuri. Gari likaondoka. Nha Tanha akamalizia kunimiminia, na kilichotoka kilikuwa mashapo matupu.

— Kahawa imekwisha, alisema. Nendeni makwenu.

Nilikwambia useme ni uongo, hukusema. Basi nikupe sehemu niliyoiruka.

Kabla ya Kwaresima, na kabla ya yule dada kupita, nilimpeleka Elvino mjini Praia. Benchi liliambiwa tumekwenda kuulizia bei ya mahema. Tulikwenda hospitali. Daktari alikuwa kijana, akavuta kigoda akakaa chini kabisa ili asiongee na Elvino kutoka juu. Akasema kuzama tena, hata kidogo, kunaweza kumchukua mikono, na baada ya mikono pumzi. Elvino akauliza, Guinea je? Daktari hakucheka. Akasema, si Guinea, si hapa, si popote penye maji ya kukuzidi kichwa.

Nikamsukuma mpaka soko la Sukupira. Akaninyooshea kibanda chenye vitu vya pwani, akanunua miwani ya kuzamia, akachagua sana, akarudisha mbili zenye mpira mgumu.

— Usiwaambie, alisema. Wakijua watakuja na pole. Sasa hivi wanakuja na mipango.

— Na mama yako?

— Mama alijua kabla ya daktari.

Nikakaza breki ya kiti, nikailegeza, nikaikaza tena.

— Ongea, Redio, akasema. Ongea chochote. Wale viboko wa kule wanakula nini?

Akaivaa ile miwani pale pale, katikati ya soko, kwenye kiti chake. Wauza nguo wakacheka, mmoja akamwambia, kijana, bahari iko chini huko! Kioo kikaanza kushika ukungu kwa ndani, kikajaa kabisa, na yeye hakuivua. Nami nikapaza sauti nikawaeleza wote, wauzaji na wapita njia, kwamba kiboko wa Bijagó hula nyasi za mpunga usiku, na asubuhi hurudi baharini.