Kimya cha Prof Maliro

Miaka thelathini na moja darasani, na tarehe 30 Juni 2023 Prof Élisée Maliro anaweka chaki chini. Alianza kufundisha somo la udongo hapa Butembo akiwa kijana mwembamba. Vita vya kwanza vikamkuta, vya pili vikamkuta, naye yuko palepale mbele ya ubao.

Wanafunzi wake wote wanajua desturi yake. Anasoma sentensi moja, ananyamaza, anatazama milima yenye ukungu dirishani mpaka kalamu ya mwisho itulie. Jamani, alikuwa anapotelea hukohuko! Sisi wenzake tulisema Prof amesafiri tena.

Mwaka 2020 Ebola ilikuwa haijatutoka vizuri, Corona nayo ikaingia. Auditoire, kumbi zetu za masomo, zikafungwa, wanafunzi wakarudi kwao, na internet wengi waliisikia kwa jina tu. Prof akaomba nafasi ya asubuhi kwenye redio, akafundisha kama alivyozoea: sentensi, kisha kimya. Lo! Upande wa Beni, redio ikinyamaza ghafula, watu hujua waasi wameingia, hawangoji habari. Kule Eringeti mtaa mzima ulifunga mizigo na kukimbia kwa sababu ya somo la mbolea.

Joyeuse, mwanafunzi wetu wa mwaka wa mwisho, alikuwa kati yao. Mama yake, Godelive, akamkataza redio: masomo yameisha, ashike jembe. Joyeuse alilia, kisha akamtumia Prof ujumbe: "Prof, ukinyamaza tunakimbiaka. Tafazali, imba hata kidogo."

Prof kuimba! Kwaya ya parokia ilishamwomba aimbe moyoni tu. Lakini tangu kesho yake kila kimya kilijaa sauti yake ya puani, wimbo bila maneno, taratibu, kama anabembeleza mtoto. Watu wakabaki nyumbani. Hadi Mangina wakulima walimsikiliza wakipalilia, nusu wakiota. Betri za redio ya Joyeuse alizinunua Mama Godelive mwenyewe.

Joyeuse alimaliza. Leo ni assistante wetu, mhadhiri msaidizi, na mwezi huu ameshika somo la udongo. Juzi nilimkuta Prof amesimama nje ya auditoire. Ndani, Joyeuse alisoma sentensi, akanyamaza. Wanafunzi, waliokuwa sekondari mwaka ule wa redio, wakaanza kuvumisha wimbo uleule huku wakiandika. Prof alilia bila kujificha, nami nikalia naye.

Aksanti sana, Prof. Uishi vizuri huko Kirumba, katikati ya kahawa yako. Sasa nyamaza utakavyo. Hapana mutu atakimbia.

Tamar Kavugho, mwenzako wa faculté