Dakika Sita za Kumchunguza Stoo

Mbele ya kibanda cha Mkasi, kinyozi, kuna benchi refu la mbao za makreti, mguu mmoja umeinuliwa kwa kipande cha kigae ili wanaokaa mwisho wasiserereke. Kila siku saa kumi wanakutana hapo watu wale wale. Yupo Mkasi mwenyewe, anayenyoa huku masikio yako nje. Yupo Redio, fundi wa simu wa kibanda cha pili, ambaye akianza kusema hana kitufe cha kuzimia. Yupo Mzee Muhuri, karani mstaafu aliyegonga mihuri miaka thelathini na moja, na Mama Cherehani, fundi nguo, mwenye birika la kahawa na kopo la sukari analolilinda kuliko cherehani yake. Wa tano ni Stoo. Alitunza stoo ya unga na sukari miaka kumi na tisa mpaka ilipofungwa, na huu ni mwezi wa nane hana kazi. Siku hiyo alifika amechelewa, akakaa ukingoni, hakumsalimia mtu.

Mkasi alikuwa na mteja kwenye kiti, mgeni wa mtaa, nusu ya kichwa imeshanyolewa. Alipouona uso wa Stoo alizima mashine yake ya kunyolea.

— Subiri kidogo, kaka, alimwambia mteja. Hapa kuna jambo.

Akatoka nje, taulo begani.

— Stoo, vipi? Nani amekufa?

— Mimi, alisema Stoo, akamkabidhi Mzee Muhuri simu yake. Mzee wangu, nisomee. Nimesoma mara tano, labda macho yangu yameharibika.

Hakuna aliyeuliza ujumbe umetoka wapi. Wiki mbili nzima benchi lilikuwa halina habari nyingine: ghala jipya lilikuwa likitafuta mtunza stoo, na Stoo alishafanya usaili, meneja akamshika mkono na kumwambia kilichobaki ni kuchunguza taarifa zake tu. Mama Cherehani alishamshonea suruali ya kuanzia kazi. Mkewe alishawaambia majirani.

Mzee Muhuri alisogeza miwani, akasoma kwa sauti ya ofisini:

— "Ndugu mwombaji. Uchunguzi wa taarifa zako umekamilika. Muda uliotumika: dakika sita."

Akaishusha simu.

— Dakika sita? Mimi mtu mmoja nilikuwa namchunguza wiki sita! Barua kwa mwajiri wa zamani, barua kwa mwalimu mkuu, barua polisi, na ikipotea moja unaanza upya! Dakika sita hata wino haujakauka!

— Siku hizi hakuna wino, mzee, alisema Redio. Ni mashine. Inazoa kila kitu chako mtandaoni, inakupa alama. Hakuna mtu hapo.

— Hakuna mtu kabisa?

— Hata wa dawa.

— Msomeeni kwanza mwenzenu, alisema Mama Cherehani. Tutashangaa baadaye.

Mzee Muhuri akainua simu tena.

— "Kiwango cha uaminifu: chini. Tabia zilizobainika. Moja: wizi wa kujirudia. Bidhaa: sukari."

Birika lilibaki hewani mkononi mwa Mama Cherehani.

— Toba! alisema Mama Cherehani. Stoo, umeiba sukari?

— Mama, we unanijua! Miaka kumi na tisa nimelala na funguo za stoo chini ya mto! Gunia likipasuka nilikuwa nafagia zile chembe, napima, naandika. Siku wanafunga walihesabu siku tatu, haikupungua hata kilo. Sijawahi kulamba kidole!

— Sasa mashine imetoa wapi? alifoka Mkasi. Huu ni uonevu! Mtu mwaminifu kama huyu? Huyo aliyeiambia hivyo ni mwanaharamu!

Alikuwa amekasirika kweli. Stoo alikuwa rafiki yake wa miaka mingi.

— Kamera, alisema Redio. Stoo yenu ya zamani ilikuwa na kamera?

— Ilikuwa na paka.

— Basi ni simu. Uliwahi kupiga picha na magunia?

— Siku ya kufunga tulipiga, wote.

— Ndiyo hiyo! Mashine imeona mtu, imeona gunia, imeona mtu amekumbatia gunia. Ikajumlisha.

— Hapana, alisema Mzee Muhuri, akatazama kulia na kushoto. Stoo, mwezi uliopita si ulikwenda kupima afya?

— Nilikwenda.

— Wakakwambia nini?

— Wakasema sukari iko juu kidogo.

— Aaa! Mzee Muhuri alipiga goti lake. Kila kitu sasa kimeunganishwa, hospitali, kazini, kila mahali. Mashine imeambiwa huyu ana sukari nyingi. Haijui mambo ya damu hiyo. Imeuliza tu: mtu hana kazi miezi minane, sukari nyingi kiasi hiki ameipata wapi?

Lingekuwa jambo la mtu mwingine wangecheka. Hakuna aliyecheka. Mkasi alitikisa kichwa pamoja nao, ila kitu kidogo kilikuwa kimeanza kumtekenya nyuma ya shingo, na hakujua ni nini.

— Endelea, mzee, alisema Stoo. Bado mbili.

— "Mbili: mwombaji hulala saa za kazi."

— Simu hiyo! Redio alisimama. Si niliwaambia? Simu inajua ukilala! Ikikaa dakika kumi haijaguswa, inaandika: amelala. Inasikia mpaka mkoromo!

— Inasikia na sasa hivi? aliuliza Mama Cherehani.

— Inasikia na sasa hivi.

Mama Cherehani hakungoja. Aliingia kwa Mkasi, akatoka na karai la kuoshea taulo, akakusanya simu zote, ya Stoo akamnyang'anya Mzee Muhuri mkononi, akaziweka chini na kuzifunika kwa karai. Juu yake akaweka tofali. Kisha wote wakainama na kuanza kunong'ona, watu wazima watano mbele ya karai.

— Mimi jana nimemsema wifi yangu, alinong'ona Mama Cherehani. Nusu saa nzima.

— Basi anajua, alisema Redio.

— Uwiii!

— Mzee, alinong'ona Stoo, ya tatu umeisoma?

— Niliiona kabla sijanyang'anywa. Inasema: "Mwombaji hupotea kwa vipindi virefu. Mwenzi wake hushindwa kumpata."

Hapo Mkasi aliinua kichwa kutoka kwenye karai.

Sukari. Kulala. Mke akimtafuta hampati. Maneno yale aliyajua. Yalitoka kinywani mwake mwenyewe.

Ilikuwa Jumanne mchana, kibanda kimejaa wateja. Simu ililia, sauti ya mwanamke, laini, haina haraka: "Habari za mchana. Naomba dakika zako mbili kuhusu mwombaji wa kazi aliyekutaja kama mdhamini." Mkasi akatabasamu peke yake. Mwezi mmoja kabla, Redio alikuwa ametengeneza sauti kwenye simu yake, akampigia akijifanya bwana afya anayekuja kufunga vibanda vichafu vya vinyozi. Mkasi alifagia, akachemsha vitana vyote, akapaka ukuta chokaa, na benchi likamcheka wiki nzima. Aliapa hatanaswa tena. Kwa hiyo sauti ilipomtaja Stoo na kuuliza kama ni mwaminifu, alijibu kwa nguvu ili wateja wote wasikie:

"Nani, Stoo? Huyo mwizi mkubwa! Anaiba sukari mchana kweupe, vijiko vinne kila kikombe! Akishashiba analala hapa hapa kwenye benchi, mkewe akimtafuta hampati!"

Kibanda kizima kilicheka. Mkasi aliona amemweza Redio, na jioni hakumtajia, alitaka Redio aanze mwenyewe. Redio hakuanza, siku zikapita, Mkasi akasahau.

Sasa alimtazama Redio, aliyekuwa ameinama juu ya karai akieleza jinsi setilaiti inavyomtafuta mume wa mtu. Sauti ile ya Jumanne haikuwa ya Redio.

— Mimi nasema, alikuwa akisema Redio, iko juu huko, inaona paa la nyumba ya Stoo. Inaona mke anatoka mlangoni, anaita, anarudi. Inahesabu.

— Na wewe Mkasi mbona umenyamaza? aliuliza Mama Cherehani. Si wewe uliyekuwa unafoka?

— Nasikiliza.

— Msimsumbue, alisema Stoo. Ameumia huyu. Mimi nilivyoambiwa niandike mtu mmoja wa kunidhamini, sikufikiri mara mbili. Nilimwandika yeye. Nilisema mtu mwenye kibanda chake, anayenijua ndani na nje. Sikumwambia hata, maana ndugu yako huombi ruhusa.

Mkasi alitamani karai lile limfunike yeye.

Mlango ukalia. Yule mteja alitoka nje, shuka la kunyolea shingoni, upande mmoja wa kichwa unang'aa na upande mwingine msitu. Walikuwa wamemsahau kabisa.

— Samahanini wazee, alisema. Nimekaa humo nasikiliza, mnaongelea setilaiti, mnaongelea hospitali. Mimi nauliza tu. Hizi mashine huwa zinampigia simu mdhamini. Sasa huyo mdhamini, ilipompigia, aliiambia nini?

Walimtazama mteja. Kisha mmoja mmoja wakageuka kumtazama Mkasi.

— Mkasi hajapigiwa, alisema Stoo. Angepigiwa angeniambia.

Mkasi alivua taulo begani, akalikunja.

— Nilipigiwa.

— Lini?

— Jumanne. Stoo, haki ya Mungu nilidhani ni Redio! Nilidhani ni mchezo wake kama ule wa bwana afya! Nikatania. Nikasema vile tunavyosemaga hapa kila siku, mambo ya sukari, ya kulala, ya shemeji...

— Mimi? Redio alirudi nyuma hatua mbili. Mimi nimeingiaje?

— Mashine haijui utani? aliuliza Mama Cherehani. Jamani, mimi ndiye nilianza huo wa sukari. Mimi ndiye humwita mwizi kila siku akichota kwenye kopo langu.

Mzee Muhuri alivua miwani, akaanza kuifuta kwa shati.

— Ofisini kwangu, alisema, mtu akija anacheka, nilikuwa namwambia acha masihara, hii ni barua ya serikali. Anajirekebisha. Nilikuwa namwona usoni.

— Kesho nafunga kibanda! alisema Mkasi. Kesho asubuhi na mapema tunakwenda wote mpaka kwa hao watu. Nitaeleza mbele ya mtu, nitapiga magoti ikibidi!

— Nimetoka huko, alisema Stoo.

— Wakasemaje?

— Mlangoni kuna kioo kama cha simu kimebandikwa ukutani. Unakiandikia namba ya ombi lako. Nikaandika. Kikasema ombi limefungwa. Nikabisha hodi, nikasubiri saa mbili. Meneja alipita na gari, akafunga kioo cha gari. Yule yule aliyenishika mkono.

Hakuwa anapiga kelele, na hilo ndilo lililomuumiza Mkasi zaidi. Angetukanwa ingekuwa afadhali. Alikumbuka mwaka aliokwenda kumzika baba yake. Kibanda alimwachia Stoo wiki mbili, na aliporudi alikabidhiwa funguo pamoja na karatasi: taulo kumi na moja, vitana saba, wembe uliotumika mmoja, kioo kina ufa tangu zamani. Mtu aliyeandika mpaka ufa! Jumanne ile angeiambia sauti habari ya karatasi hiyo tu, na ingetosha.

Stoo aliinua tofali, akainua karai, akachukua simu yake. Aliipangusa kwa kiganja.

— Mkasi.

— Naam, ndugu yangu.

— Ulipomaliza kutania, hiyo sauti ilikata?

— Haikukata.

— Ilisema nini?

Mkasi aliitazama ile simu.

— Iliuliza kama nina lingine la kuongeza kuhusu wewe.

— Ukaiambia nini?

Mama Cherehani alikuwa ameinamisha birika juu ya kikombe cha Stoo, na kahawa iliyotoka ilikuwa ya mwisho, robo kikombe na machicha. Mteja alishika shuka lake shingoni. Jibu Mkasi alikuwa nalo, ila halikusemeka: Jumanne ile wateja walikuwa wakicheka, naye alikuwa akicheka nao, akabonyeza kitufe chekundu, akakata simu.

Mama Cherehani alifungua kopo la sukari, akalisukuma lote mbele ya Stoo, pamoja na kijiko. Hajawahi kufanya hivyo kwa mtu yeyote.

Stoo alilifunika, akalirudisha mahali pake. Akanywa kahawa ile chungu mpaka chini, akaweka kikombe kwenye benchi, akaenda nyumbani kumwambia mkewe.