Pua ya Mwonja Mvinyo

Muuguzi aliyetoka zamu alikuwa ameegemea dirisha la treni, macho mazito, lakini masikio yamekataa kulala. Mbele yake, mwanamume mwenye kasha la chupa alikuwa akimsimulia mama mmoja, jirani yake wa safari tu, jinsi anavyowafundisha wageni wa hoteli kuonja mvinyo.

"Zabibu za milimani kwenye baridi hutoa mvinyo mkali kidogo, kama una ndimu," alisema. "Za bondeni huiva sana kwa joto, mvinyo wake huwa mzito."

"Pombe ni pombe, mwanangu. Marehemu mume wangu hakuwahi kuuliza zabibu zimeota wapi."

Mwanamume akacheka kichovu, kisha akasema polepole kwamba tangu augue homa mwaka jana, hasikii harufu yoyote. Huinusa bilauri hivyo hivyo, akawatajia wageni harufu anazozikumbuka.

"Na wao?"

"Wanaitikia. Kila mmoja anaogopa kuonekana hajui."

Muuguzi akang'ata mdomo asicheke.

"Waambie ukweli," mama akasema.

"Halafu watoto wangu wale nini, mama?"

"Na siku utakayowapa mvinyo uliochacha?"

Treni ikasimama, milango ikafunguka. Nje, mvua ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kulowesha vumbi la kituo. Mwanamume akainuka na kasha lake, akamgeukia mama. "Hebu nisaidie. Mvua hii inanukiaje?"

Mama akavuta pumzi ndefu, akafungua kinywa, akakosa neno. Muuguzi naye akalitafuta, huku abiria wakisukumana kushuka.